Chai Juu ya Klia Mbichi

Nani aliwaambia kwamba klia ikikauka ndiyo imeiva? Nitajieni jina lake na mtaa anaokaa, nimfuate. Wiki iliyopita tu nimeletewa lori dogo, kazi safi kabisa, bodi imenyooka, matairi yamekaa, lakini juu ya mlango klia imevimba na kukunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nikamuuliza mwenye lori, "Klia uliipiga lini?" Akasema, "Jana jioni, Bibi. Nikaigusa kwa kidole asubuhi, ilikuwa imekauka kabisa." Kidole! Hata wali juu ukiugusa umekauka, na chini bado ni mchele.

Mimi naitwa Tatu kwa sababu nilizaliwa wa tatu, lakini kila kitu nahesabu mara mbili. Nimetengeneza malori madogo, mabehewa madogo na nyumba ndogo hapa Tabora mpaka macho yaliponiambia imetosha. Wapita njia walikuwa wakichungulia dirishani na kusema, "Aa, midoli." Naomba tuelewane mapema. Mdoli mtoto anauvuta kwa kamba. Kitu ambacho kila ribiti yake, ule msumari wa kuunganishia mabati, nimeipima kwenye gari kubwa, nikaipunguza mara ishirini na nne, nikaibandika kwa kibano nikiwa nimeziba pumzi, hicho ni modeli. Anayetaka kuendelea kusema mdoli aishie hapa, akanunue karanga.

Waliobaki, sikilizeni. Nitazungumza habari ya chai. Kwenye karakana yangu tuliita chai ile rangi iliyozimuliwa sana mpaka ikawa majimaji ya kahawia, unayoipitisha juu ya modeli iliyokwisha kupakwa ili iingie kwenye mifereji, izunguke ribiti, ikae kwenye pembe za milango, na gari lionekane limetembea. Lori lililotoka Tabora kwenda Ujiji likarudi linang'aa, hilo halikwenda. Na klia, kwa asiyejua, ni ule utando usio na rangi unaopigwa juu ya rangi ili kuilinda. Chai inakaa juu ya klia. Ikiwa klia ni nzuri, ukikosea chai unaifuta na kuanza upya, rangi ya chini haijui hata kama ulikosea. Ikiwa klia ni mbovu, chai inashuka mpaka kwenye rangi, na hapo hufuti tena, unalia.

Tuliiita chai kwa sababu ya rangi yake, si kwa sababu ya vikombe. Nasema hivi kwa kuwa shemeji yangu aliwahi kuikoroga na sukari. Nilimkuta kijiko kimesimama hewani, bado hajaonja. Tangu siku hiyo chai yangu hukaa kwenye kopo la bati lililotobolewa tundu ukingoni, na mwenye akili hanywi kwenye kopo lenye tundu.

Jambo jingine linaloniudhi ni hizi simu. Kuna binti mmoja wa Kitete, mpole, ana mkono mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Akaja na behewa limepauka, maandishi yamebanduka, yananing'inia kama magamba ya samaki.

"Umelifanya nini?"

"Niliosha, Bibi."

"Uliosha?"

"Kwenye video maneno ya Kiswahili yanapita chini. Yalisema: paka koti wazi, kisha osha."

"Ukaosha kwa nini?"

"Kwa sabuni ya unga."

"Na koti je?"

"Hilo sikulielewa, nikaliruka."

Hivi ni nani anayekaa huko anatafsiri? Koti wazi ndiyo klia, na kuosha ndiko kupitisha chai! Mtu anahangaika kununua vifurushi vya intaneti, anaangalia mpaka mwisho, halafu anaambiwa afue behewa. Nilimcheka, kisha nikajionea aibu, maana kosa langu mimi mwenyewe lilikuwa kubwa kuliko hilo, na sikuambiwa na simu. Nitalifikia.

Kwanza shikeni haya, kwa sababu mkiyajua hamtahitaji kunisikiliza tena.

Chai lazima iwe dhaifu kuliko klia iliyo chini yake. Hilo ndilo jambo lenyewe, mengine yote ni kulizunguka. Klia ya gereji, ile ya kuchanganya na hadena, dawa ya kuikazisha, ikishaiva haiogopi tapentaini, kwa hiyo chai ya rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini itatembea juu yake bila kuiuma. Klia ya maji nayo ikishaiva inaivumilia tapentaini. Lakini vanishi ya mafuta chini na chai ya mafuta juu ni ukoo mmoja, zinatambuana na kukumbatiana, na ukirudi unakuta uji. Na tina, yale maji makali ya kuzimulia rangi za gereji, haina adui wala rafiki. Inakula zote. Ikipata plastiki tupu inaifanya iwe kama kaukau za viazi, unashika bampa linabaki mkononi.

Klia ya chini iwe ya kung'aa. Najua mnataka gari lililochakaa, mnakimbilia klia isiyong'aa kwa sababu lori halisi haling'ai. Subirini. Juu ya klia isiyong'aa chai inanywewa papo hapo kama maji kwenye mchanga, inaacha doa kila inapogusa. Juu ya inayong'aa inateleza, inakimbilia mferejini yenyewe. Iacheni ipumue kidogo, kisha futeni kwa pamba ya masikio iliyochovywa kwenye tapentaini na kukamuliwa, kutoka juu kwenda chini, vile mvua inavyoshuka. Nimeona modeli iliyofutwa ubavu kwa ubavu. Lori gani hilo linanyeshewa mvua ya pembeni maisha yake yote? Chai ikikauka vizuri ndipo mpige klia isiyong'aa juu kabisa, na hapo gari linazeeka mbele ya macho yenu.

Hadena si ya kunusa. Vaeni barakoa ya mpiga rangi yenye vichujio, siyo kile kitambaa cha puani, fungueni madirisha yote, na jiko la mkaa likae uani. Mkinuka tina nguo nzima, msikae kuota moto. Sitasema nilijuaje, nyusi zangu zimekwisha kuota tena.

Na jaribuni chini ya tumbo. Kila modeli ina tumbo, mahali ambapo hakuna mteja anayechungulia. Tone moja la chai pale, mngoje, mfute. Likitoka na rangi, mmepoteza tumbo tu.

Mimi nilipoteza zaidi ya tumbo, kwa kazi ya Fundi Kashindye.

Fundi Kashindye ndiye aliyenifundisha brashi. Yeye hakuwa mtu wa modeli, alikuwa mwandishi wa magari. Malori yaliyokuwa yakienda magharibi kwa ile njia ya zamani ya wapagazi, mengi yalibeba herufi zake kipajini. Alikuwa Mmoraviani wa kanisa la Ntalikwa, mrefu, mwembamba, anaendesha baiskeli akiwa amefunga brashi kwenye soksi. Siku ya kwanza niliyomwonyesha herufi zangu alizitazama, akanizunguka, akazitazama tena, akasema, "Tatu, hii A yako imekanyagwa na ng'ombe." Nikaifuta. Ya pili akasema ng'ombe kaondoka lakini nyayo zimebaki. Ndivyo alivyofundisha.

Kulikuwa na Bwana Shabir, mwenye duka la vitambaa mjini. Baba yake marehemu alikuwa na lori moja lililojulikana njia nzima, likienda na asali na karanga, likirudi na dagaa na mawese. Juu ya kioo cha mbele liliandikwa SALAMU UJIJI. Aliyeandika alikuwa Kashindye akiwa kijana. Basi Bwana Shabir akaniagiza modeli ya lori lile kwa picha mbili za zamani, na akaomba maneno yale yaandikwe na mkono uleule.

Fundi alikuja karakanani na brashi ya nywele chache, nilizihesabu, nikarudia. Akaweka kiwiko mezani, akaandika SALAMU UJIJI mahali penye upana wa kidole gumba. Mkono wa mzee yule ulikuwa umetulia kama uko peke yake chumbani.

Sasa sikilizeni kilichotegemea modeli ile. Duka la Bwana Shabir lilikuwa limekarabatiwa, lifunguliwe Ijumaa baada ya sala. Juu ya mlango palikuwa na ubao mpana wa mninga umepakwa nyeupe, unangoja jina. Fundi Kashindye aliutaka ubao ule kuliko kitu chochote, maana tangu yaje mabango ya plastiki ya kuchapwa hakuna aliyemwita tena. Bwana Shabir alimwambia waziwazi, nami nipo: "Mzee wangu, nikiona kwenye modeli mkono bado ni ule, ubao ni wako. La sivyo, Jumatano jioni naagiza bango la kuchapwa, nisije nikafungua duka lisilo na jina."

Jumatatu Bwana Shabir akaja kwangu. Modeli imekwisha, imebaki klia, chai na klia ya mwisho. Ilikuwa kipindi cha mvua, na klia kwenye unyevu haiivi upesi.

"Bi Tatu, nalitaka kesho."

"Jumapili."

"Jumapili duka limeshafunguliwa! Kesho jioni."

"Bwana Shabir, hata ungekuwa mkate usingetoka kesho. Jumamosi."

"Jumatano asubuhi, kwa ajili yako."

"Jumatano jioni, kwa ajili yako."

Tukapeana mikono. Nikabaki najipongeza kwamba nimempandisha kutoka kesho mpaka Jumatano jioni, mimi hodari wa kupatana. Nilikuwa nimepatana na Shabir. Klia hakuna aliyeiuliza.

Hesabuni makosa yangu pamoja nami. Jumatatu jioni umeme ukakatika, kompresa ikanyamaza, kwa hiyo klia ya hadena sikuweza kuipiga. Nikachukua klia ya kopo la kupuliza, ile ambayo hata ikiiva bado inaogopa tina. Hilo moja. Jumatano asubuhi nikaigusa kwa kidole, imekauka, nikaamini. Mawili. Tapentaini ilikuwa imekwisha koponi, nikatoka kwenye mvua mpaka kwa muuzaji mmoja sokoni mwenye chupa za maji ya kunywa zimepangwa, zote zina kitu cheupe kama maji.

"Nataka tapentaini."

"Chukua hii, mama. Ni tina."

"Tina na tapentaini ni kitu kimoja?"

"Zote za kuzimulia. Tina ni tina."

Kwa kawaida ningefungua kifuniko na kunusa. Siku hiyo nilikuwa na mafua, pua imeziba kama tundu la funguo lililojaa nta. Nikachukua. Matatu. Na kwa kuwa saa zilikuwa zinanikimbiza, tumbo sikulijaribu. Manne. Nimerudia kuhesabu miaka yote hii nikitumaini nitapata matatu. Ni manne.

Nilianzia kipajini. Dakika ya kwanza ilipendeza! Chai iliteremka kwenye kila pembe, lori likawa limetoka safari. Dakika ya pili nikaona U ya Ujiji imetikisika. Nikadhani ni macho. Kisha J ikaanza kulegea mkia, kisha klia yote ya upande ule ikawa laini, na herufi zikalewa ndani yake. Nikafuta, na hilo msilifanye kamwe! Klia ikilainika ondoeni mikono, mwiache, itakaza tena na madhara yatakuwa madogo. Mimi nikafuta. Nikachukua pamba ya masikio nikajaribu kunyoosha. SALAMU ilibaki salama kwa sababu chai haikufika, lakini UJIJI ilionekana kama imeandikwa ndani ya gari linalokwenda kwenye mashimo.

Bwana Shabir akabisha hodi mwavuli ukiwa bado mkononi. Alikuwa amewahi. Kati ya siku zote, awahi siku hiyo!

"Bi Tatu, habari za mvua?"

"Nzuri, Bwana Shabir. Karibu ndani, usilowe."

Akavaa miwani, akaliinua lori kwa vidole viwili kama mtu anayeinua kifaranga. Akacheka kwa furaha alipoona mabawa ya magurudumu. Akageuza mbele, akalisogeza karibu na miwani.

"Salamu iko vizuri," akasema. "Lakini hapa... Mkono wa Fundi umeanza kutetemeka, eh?"

Kitambaa chenye chai kilikuwa mkononi mwangu. Ningekinyanyua tu, asingehitaji maelezo. Nikakificha nyuma ya sketi, nikasema, "Ndiyo hivyo, Bwana Shabir. Miaka."

"Miaka," akasema, na uso wake ukaanguka kwelikweli, maana alimpenda yule mzee. "Basi usimwambie hivyo. Mwambie muda ulikuwa mfupi." Akalifunga lori kwenye kitambaa cha dukani kwake, akaondoka kwenda kuagiza bango.

Kesho yake Fundi akaja, brashi zimeoshwa, zimefungwa kwenye soksi nyeupe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Shabir kasemaje?"

"Kasema muda ni mfupi."

"Mfupi? Ubao ule naumaliza siku moja na nusu, na nusu yenyewe ni ya kunywa uji." Akanitazama. Nikajifanya natafuta kitu chini ya meza. Akapanda baiskeli.

Basi nikakasirika. Mtu mwenye kosa ana hasira za ajabu, hazitulii mpaka zipate mwingine. Nikaenda sokoni kwa yule muuzaji.

"Uliniuzia nini wewe?"

"Tina, mama."

"Ya nini?"

"Ya kuyeyushia."

"Kuyeyusha nini?"

"Kila kitu! Ndiyo maana ni nzuri. Kwani haikuyeyusha?"

Mtu aliniuzia alichosema ananiuzia. Nikamwambia aandike kwenye chupa zake kilichomo, mtoto asije akanywa, na hapo nilikuwa na haki, na bado naisema: ni uhuni kuweka tina kwenye chupa ya maji bila maandishi, na mnaonunua hivyo mnausaidia uhuni. Lakini nilipokuwa nafoka pale, mama mmoja aliyekuwa akipima mchele akaniambia, "Bi Tatu, wewe mtu wa rangi. Nasikia mzee Kashindye mkono umekwisha? Kanisani walitaka aandike kibao cha kwaya, wamempa mwingine."

Siku ile ndiyo niliyoanza kujichukia kwa utaratibu. Neno moja, miaka, nililolitamka mimi, limeshatembea mpaka Ntalikwa kabla hata bango la Shabir halijafika.

Sitawadanganya kwamba nilikwenda kusema kweli kesho yake. Nilikaa siku kumi na moja. Nikasema labda litasahaulika, labda umeme ndio wa kulaumiwa, labda Shabir alitaka bango tangu mwanzo. Nilipatana na kila kisingizio, nikakiteremsha, nikakipandisha. Mwisho nikakata vipande viwili vya bati kutoka kwenye debe la mafuta ya kula, nikavipaka bluu ya lori lile, nikampelekea Fundi. Nikamwomba aandike UJIJI kwenye vyote viwili, nikasema ni vya kufundishia. Akaandika nje ya nyumba yake, akiwa amesimama, huku akijibu salamu za wapita njia. Herufi zimesimama kama askari wa gwaride.

Kipande kimoja nikakipiga klia ya hadena, nikakiacha kiive siku tano kamili, si kwa kidole, kwa pua: klia iliyoiva hainuki kitu. Cha pili nikakipulizia klia ya kopo siku mbili kabla. Nikanunua tapentaini halisi. Nikabeba na ile chupa ya maji, nikaenda dukani kwa Bwana Shabir saa za wateja wengi. Ningekwenda mchana dukani hakuna mtu, lakini maneno yaliyomchafua Fundi hayakubaki siri, yalifika mpaka kanisani, kwa hiyo kuyasafisha kwa siri ingekuwa wizi mwingine.

Bango la plastiki lilikuwa juu, limefunika ubao. Kona moja upepo ulikuwa umeshaibandua.

"Bwana Shabir, naomba kaunta yako kidogo."

"Bi Tatu, umeanza kuuza bati?"

Wateja wakacheka. Nikaviweka vipande. "Hizi ni herufi za Fundi Kashindye, za wiki iliyopita. Zitazame."

Akavaa miwani. Akazitazama kwa muda mrefu. "Za wiki iliyopita? Hizi?"

"Wiki iliyopita, akiwa amesimama, akisalimia watu." Nikapitisha chai ya tapentaini juu ya kile kilichoiva, nikafuta. UJIJI ikatoka imekomaa, safi, kila ukingo upo. Kisha nikafungua chupa ya maji, nikazimua chai nyingine kwa ile tina, nikapitisha juu ya kipande cha pili. Tukangoja. U ikatikisika. J ikalegea mkia. Mama mmoja aliyekuwa akichagua kitenge akasema, "Yarabi, inayeyuka!"

Bwana Shabir akachukua lori kutoka kwenye kabati la kioo, akaliweka kando ya bati lile. Zilifanana mpaka pale mkia ulipolalia.

"Kwa hiyo siku ile..."

"Siku ile niliharibu mimi. Klia ilikuwa mbichi, chai ilikuwa kali. Fundi hana kosa."

"Mbona hukusema?"

"Niliona aibu."

"Na sasa huoni?"

"Naona. Zaidi ya siku ile."

Akavua miwani akaifuta kwa kitambaa kilichokuwa kinauzwa. "Bango nitalishusha," akasema, "lakini kwa Fundi uende wewe mwenyewe." Nikajaribu kupatana, kwamba yeye ni mwanamume mwenzake, kwamba angempokea vizuri zaidi. Akatikisa kichwa. Ndiyo mara pekee niliyoshindwa kumteremsha mfanyabiashara hata hatua moja.

Nilimkuta Fundi akibambua karanga. Nilimwambia bango linashushwa, kisha nikamweleza yote, tangu umeme mpaka chupa, nikamaliza na lile neno. Hakuacha kubambua. Alipofika kwenye ganda lililokuwa tupu akalitupa, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yake.

"Kila asubuhi naunyoosha hivi," akasema. "Watu wanasema unatetemeka. Nautazama, hautetemeki. Nikasema basi ni macho nayo yamekwisha, hayaoni hata mtetemo." Akaurudisha mkono kwenye karanga. "Ulikuwa umenitia ujinga mwingi, Tatu."

Nikachukua karanga nikabambua naye, na nyinyi mkifika hapo msitafute cha kujibu. Kisha akasema, "Jumatatu saa moja asubuhi. Ngazi yangu imevunjika, uje na yako."

Jumatatu watu walikuwa wengi mbele ya duka kuliko siku ya ufunguzi. Waendesha bodaboda walizima pikipiki wakakaa juu yake. Kila mmoja alikuja kuangalia kitu kimoja tu: je, mkono utatetemeka? Nilidhani nitashika ngazi. Fundi akanikatalia.

"Vuka barabara, usimame ng'ambo. Aliye juu ya ngazi haoni mstari, anaona herufi tu. Ukiona imepinda, sema. Sema hapo hapo, rangi ikiwa mbichi."

Nikavuka. Akaandika S, akaandika H, akaandika A. Akaandika B, na B ikalala kulia, kidogo tu, unene wa uzi.

Pembeni yangu bodaboda mmoja alikuwa anamnong'oneza mwenzake, "Ngoja, ngoja uone." Nikisema, watamcheka mzee mbele ya mji, na mimi ndiye nitakuwa nimewapa kicheko mara ya pili. Nikinyamaza, hakuna mwingine angeona mpaka rangi ikauke.

"Fundi!" nikapaza sauti. "B imelala kulia!"

"Si tulisema!" mtu akacheka. Wengine wakadakia.

Fundi hakugeuka. Alichomoa kitambaa kwenye mkanda, akaifuta B yote, polepole, mpaka ubao ukawa mweupe. Akachovya brashi, akakung'uta mara moja, akaivuta B nyingine kutoka juu mpaka chini bila kuinua mkono.

"Sasa?"

Nikafumba jicho moja, nikaangalia. Nikafumba la pili, nikaangalia tena.

"Sasa imesimama."

"Basi njoo unishikie kopo," akasema. "Zimebaki mbili."